Ndoo ya Mama Ilikuwa Kavu

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Najua saa kwa sababu umeme ulirudi dakika hiyo hiyo, simu ya Mama iliyokuwa kwenye chaja ikalia mlio wake mdogo, nikaitazama. Nilipoinua macho, Mama alikuwa anatetemeka kitandani. Si kutetemeka kwa mtu aliyenyeshewa. Kitanda chetu ni cha chuma, jirani yetu fundi alikichomelea hapa hapa Katwe, Kampala, na mguu wake mmoja ni mfupi kidogo. Mguu ule ulikuwa unagonga simenti, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya nyumba.

"Funga mlango," Mama aliniambia.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nje jua lilikuwa linachoma mabati. Nilimfunika blanketi, halafu kitenge, halafu koti la Papa, ambaye alikuwa mpakani Bwera kwa wiki ya pili akitafuta vitenge vya kuja kuuza. Mtoto alikuwa na siku tano tu. Nilimwondoa kitandani kwa sababu kitanda kilikuwa kinamtikisa, nikamlaza kwenye beseni kubwa la nguo, akaendelea kulala kama vile hayamhusu.

Nitaandika sasa lile ambalo ningependa kuliruka. Tangu Jumapili kulikuwa na harufu.

Chumba chetu ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na harufu haijui pazia. Si harufu ya damu. Damu naijua. Hii ilikuwa kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa. Mama alijifua vitambaa vyake mwenyewe, alfajiri, kwa sabuni nyingi, akavianika chini ya nguo nyingine ili watu wasivione. Kwetu binti hafui vitambaa vya mama yake aliyezaa. Hata kuviangalia ni kukosa adabu. Kwa hiyo mimi sikuviangalia, na kwa pua yangu nilijifanya sina pua.

Mama mkubwa, dada yake Mama, alikuwa anapita kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza sombe, yale majani ya muhogo. Alichemsha maji, akachovya taulo, akamkanda Mama tumbo, kama ilivyo desturi yetu watu wa Kongo, na hata Waganda wana namna yao. Mimi nilifukuzwa nje pamoja na mtoto. Lakini ukuta wetu ni mwembamba.

"Unanikanda ama unanipika?" nilimsikia Mama akilalamika.

"Nakukanda. Kukupika ni kazi ya bwana yako."

Wakacheka, Mama akaguna katikati ya kicheko. Halafu akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho sikukisikia, na mama mkubwa akamjibu kwa sauti yake ya sokoni, ambayo haina chini:

"Ile ni uchafu inatoka. Iache inuke. Ikibaki ndani ndiyo mbaya."

Basi mimi nikaridhika. Kama mtu mzima amesema kunuka ni kuzuri, mimi ni nani?

Jumanne jioni tulikwenda kliniki, kwenye ile kona yenye maduka ya sufuria. Mama alitembea ameinama, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni. Kliniki ina benchi moja, na juu ya benchi walikuwepo wanaume watatu, mmoja ameziba jicho kwa kitambaa, nadhani cheche za kuchomelea zilimwingia. Walisogea kidogo kutupa nafasi. Meza ya nesi iko hapo hapo mbele ya benchi, hakuna mlango wala pazia.

Lazima nieleze jambo hili. Nesi alizungumza Kiganda na Kiingereza. Mama anazungumza Kiswahili, na Kifaransa cha darasani ambacho hapa hakimsaidii mtu. Tangu nikiwa na miaka tisa mimi ndiye mdomo wa Mama. Kwenye ofisi za karatasi za wakimbizi, sokoni, shuleni siku ya wazazi, maneno yake yanapitia kwangu. Ni bahati mbaya kwake, kwa sababu mimi naona aibu ya kuongea. Darasani wananiita Redio Bila Betri. Mama akisema maneno kumi mimi natoa matatu. Akimtukana muuza nyanya, mimi nasema kwa Kiganda, "Anaomba upunguze." Miaka yote hiyo nilikuwa napunguza, na hakuna aliyewahi kudhurika. Nilifikiri ndiyo adabu.

Nesi alikuwa amechoka, lakini hakuwa mbaya. Aliuliza homa imeanza lini. Nikasema leo. Aliuliza kama kichwa kinauma. Nikamuuliza Mama, nikajibu. Halafu akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akatazama tumbo la Mama.

"Amezaa lini?"

"Alhamisi."

"Damu bado inatoka? Inanuka?"

Aliuliza kwa Kiganda, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza jina. Yule mwenye jicho moja akatazama viatu vyake. Wale wengine wawili wakageuka kutazama barabarani. Nilihisi masikio yangu yanawaka.

"Hapana," nilisema.

Sikumgeukia Mama kwanza. Nilijibu mwenyewe, haraka, kama mtu anayefunga mlango.

"Amesema nini?" Mama aliniuliza.

"Anauliza kama unakula."

Mama alinitazama kidogo. "Mwambie ninakunywa uji."

"Anakunywa uji," nilimwambia nesi.

Nesi alimchoma kidole, akaweka damu kwenye kile kipimo kidogo cha malaria, akakigeuza mara mbili kwenye mwanga. Mstari ulikuwepo au haukuwepo. Akasema malaria iko kila mahali siku hizi, na mtu aliyezaa hana nguvu ya kupigana nayo. Tukapewa vidonge vya malaria na vya maumivu, tukarudi.

Yaliyotokea hapo ni hayo tu. Hayakuzidi dakika moja. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma kwa ajili ya mtihani.

Usiku Mama alichemka kama sufuria, na mimi nilikuwa nalowesha kitambaa na kumwekea kwenye paji la uso. Alfajiri nilimwaga ndoo. Hii nayo ni lazima nieleze. Choo chetu kiko mwisho wa ua, ng'ambo ya mtaro, na tunakitumia nyumba saba. Mama hakuwa na nguvu ya kuuruka mtaro, kwa hiyo tangu azae tulikuwa na ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia. Kazi yangu ilikuwa kuimwaga kabla majirani hawajaamka, kwa sababu ya aibu ile ile yangu. Asubuhi nyingine zote ndoo ilikuwa nzito na mimi nikitembea nayo polepole isimwagike. Jumatano ilikuwa nyepesi. Chini kulikuwa na kiasi cha kikombe kimoja, rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilifikiri amekojoa jasho. Nikaisuuza ndoo, nikairudisha.

Mama mkubwa alipofika alimgusa Mama shingoni, akafurahi sana.

"Homa imetoka," alisema. "Gusa mama yako, gusa."

Niligusa. Kweli, ule moto wa usiku haukuwepo tena. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Mama mkubwa hakumkanda siku hiyo, alisema alale, ameshinda vita. Alipiga simu kwa akina mama wa maombi wa kanisa letu awape habari njema, akajitwisha beseni lake la sombe, akaenda.

Akina mama walikuja saa tano, watano, wakaacha viatu mlangoni mpaka mlango ukakosa pa kufungukia. Kiongozi wao ni mama mmoja mnene anayesuka nywele, mtu mwema kwa kweli, ndiye aliyetutafutia chumba hiki tulipofika Kampala. Alikaa kitandani, akashika mkono wa Mama na hakuuachia. Waliimba. Walishukuru kwamba homa imetii. Mimi nilikaa sakafuni na mtoto, nikimpa maji ya sukari kwa kijiko, kwa sababu Mama alikuwa hamnyonyeshi tena. Nilikuwa nimemweka kifuani kwake mara mbili asubuhi ile, na mkono wake haukumshika.

Kisha Mama akaanza kusema.

Alisema haraka, huku akipumua haraka, maneno mafupi mafupi, macho yake yakiangalia bati. Hayakuwa maneno ya Kiswahili. Akina mama wakaacha kuimba, wakamsikiliza.

"Amepewa lugha," mmoja akanong'ona.

"Asante Yesu. Roho iko naye."

Wakaanza kuomba kwa sauti kubwa, wote pamoja, kila mmoja na ombi lake, na Mama katikati yao akisema na kusema. Wao wametoka Beni na Uvira. Mama ametoka mlimani, juu ya ziwa Kivu, na lugha ile hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyeijua isipokuwa mimi, na mimi naijua nusu tu, kutoka kwa bibi yangu. Lakini nusu ilitosha. Mama alikuwa anafukuza kuku. Alikuwa anasema kuku wameingia kwenye mtama ulioanikwa, kwa nini hakuna mtu anayewafukuza, mama atatupiga.

Bibi amekufa zamani. Kuku wale wamekufa zamani. Mlima wenyewe hatujui nani anaukaa.

Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya pazia. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu kuwa mahali pasipo na watu. Nikafungua kifuniko cha ndoo ili nipate kitu cha kufanya.

Ndoo ilikuwa kavu. Haikuwa na tone. Ule unyevunyevu uliobaki nilipoisuuza alfajiri ulikuwa umekauka wenyewe, plastiki ikibaki na vumbi jeupe la sabuni.

Nilikuwa nimemnywesha Mama vikombe viwili vya uji na kikombe kikubwa cha maji, kwa mkono wangu. Nikasimama pale na kifuniko mkononi, nikimkumbuka mwalimu wa Baiolojia. Yeye hupenda mifano ya dukani. Alituambia figo ni muuza duka anayetegemea mzigo wa damu, na mzigo usipofika, anafunga duka. Darasa lilicheka. Mimi niliandika kwenye daftari kwa sababu mimi huandika kila kitu.

Nikarudi upande wa kitanda, nikainua kitenge miguuni mwa Mama. Magoti yake yalikuwa na mabaka ya zambarau, kama ramani ya nchi nisiyoijua.

"Mama hajakojoa," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Na mimi ningeweza kuketi tena chini, naandika ukweli, mwili wangu ulikuwa umeshaanza kuketi.

"Mama hajakojoa tangu alfajiri," nilisema tena, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Maombi yakakatika vipande vipande, mmoja mmoja, mpaka akabaki Mama peke yake na kuku wake.

"Weye mutoto," mmoja alisema. "Tuko mbele ya Mungu. Maneno gani ile?"

"Ndoo ni kavu. Na hiyo si lugha ya Roho. Ni lugha ya kwetu. Anafukuza kuku."

Mmoja wao, yule kijana kuliko wote, alicheka, halafu akaziba mdomo. Kiongozi hakucheka. Aliutazama mkono aliokuwa ameushika kwa saa nzima. Alibonyeza ukucha wa Mama, ukawa mweupe, ukabaki mweupe.

"Huyu mama ni baridi," alisema polepole, kana kwamba ndiyo kwanza amemgusa. Halafu akasimama, na kitanda kikagonga simenti. "Nani iko na gari hapa karibu?"

Mwenye gari alikuwa yule yule fundi aliyekitengeneza kitanda. Pikapu yake ilikuwa imepakia milango miwili ya chuma ya mteja wa Bugolobi, rangi haijakauka. Kiongozi alimwita kutoka mlangoni. Fundi alikuja, akachungulia, akavua miwani yake ya kazi.

"Milango itangoja," alisema. "Haina homa."

Wakaishusha milango, wakaweka godoro. Kiongozi alikaa mbele na mtoto. Mimi nilikaa nyuma na kichwa cha Mama mapajani, rangi ya kijivu imetugandia mikononi, na njia nzima nilihesabu pumzi zake nikipoteza hesabu. Mmoja wa wale akina mama alikimbia sokoni kumwita mama mkubwa.

Kwenye hospitali kubwa walituingiza upande wa dharura saa nane kasoro. Daktari alikuwa mwanamke, kijana, amevaa raba. Alimfunga Mama mkanda wa presha mkononi. Mashine ikajaza, ikaachia, ikaandika vistari tu. Akahamishia mkono mwingine. Vistari. Akaweka vidole shingoni mwa Mama na kutazama saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika, hakuuficha.

"Anazungumza Kiingereza?" aliuliza.

Kiongozi wetu alitikisa kichwa. Mimi nilitaka kusema mimi nazungumza, lakini sauti ile ya nyumbani ilikuwa imebaki nyumbani. Pale mlangoni alikuwepo askari polisi, mrefu, mtu wa kaskazini, na yeye akajitolea.

"Kiswahili najua, daktari. Mimi ni mutoto ya kambi ya jeshi."

"Muulize kama damu ya uzazi inanuka. Na kama kondo la nyuma lilitoka lote."

Askari akainama juu ya Mama, akasema kwa sauti ya kukagua gwaride, "Mama! Daktari nauliza, damu yako iko na harufu mbaya?"

Watu wote kwenye mabenchi waligeuka. Walikuwa wengi, pengine thelathini. Mama alimjibu kuhusu mtama.

"Hii Kiswahili ya wapi?" askari aliniuliza, amechanganyikiwa.

"Afande," nilisema, "niache nitasema mimi."

Nikamgeukia daktari. Nilisema kwa Kiingereza, na nilitazama raba zake, lakini nilisema kwa sauti ambayo benchi lilisikia. Nilisema inanuka tangu Jumapili. Nilisema tumbo linamuuma hata nguo ikiligusa. Alizaa Alhamisi, kondo silijui, sikuwepo. Jana alitetemeka kuanzia saa tisa na dakika ishirini. Leo amekojoa kikombe kimoja alfajiri na baadaye hakuna. Na jana kliniki waliniuliza kama inanuka, nikasema hapana. Nilidanganya. Mama hakuulizwa, ni mimi.

Nilingoja anigombeze. Kalamu yake ilisimama.

"Jumapili asubuhi au jioni?" aliuliza.

"Asubuhi."

Akaandika. Hilo tu. Kisha akaita watu, wakaja wengi kwa mara moja. Walimchoma mikono yote miwili, wakatundika mifuko ya maji, na nesi mmoja wa kiume akawa anaukamua mfuko kwa viganja ili maji yaingie upesi. Walichukua damu. Wakaingiza dawa ya vijidudu, sindano juu ya sindano. Wakampa oksijeni. Wakamwekea mpira wa mkojo, na mfuko wake ukaning'inia chini ya kitanda, bapa, mtupu, kama bahasha ambayo haijatiwa barua.

Daktari alinieleza akiwa anaendelea na kazi, bila kunitazama, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi kwa sababu aliniona mimi ni mtu wa aina gani. Alisema uchafu ulioza kwenye kizazi, vijidudu vikapenya kwenye damu. Mwili unapigana navyo mpaka unajipiga wenyewe. Mishipa inalegea, presha inaanguka, damu haifiki inakotakiwa. Ndipo mikono inakuwa baridi, figo zinafunga, kichwa kinapotea njia.

"Mlidhani anapona?"

"Tulishukuru Mungu."

"Wengi hudhani hivyo. Homa ikishuka na mtu akawa baridi na anaongea ovyo, hapo ndipo pa kukimbia. Hii haingoji kesho, inakwenda kwa saa."

Kwenye faili aliandika maneno ya Kiingereza ambayo niliyanakili baadaye kwenye daftari hili. Kwa Kiswahili sijui kama tuna jina lake. Mshtuko wa sepsisi, labda. Kwetu wangesema tu, alizaa akafa.

Mama mkubwa alifika saa kumi, majani ya sombe bado yamemganda viganjani. Yeye ndiye aliyepaswa kuweka kidole gumba kwenye karatasi, kwa sababu mimi sijafikisha umri. Daktari alisema watamwingiza chumba cha upasuaji kumsafisha kizazi, kwa sababu picha ya tumbo imeonyesha kipande cha kondo kimebaki. Wakishindwa, watakiondoa kizazi chenyewe. Nilimtafsiria mama mkubwa yote. Sikupunguza.

"Anaweza asirudi," daktari alisema. "Sitawadanganya."

"Anaweza asirudi," nilimwambia mama mkubwa.

Mama mkubwa aliweka kidole chake, akakitazama kile kidole chenye wino. "Mie nilikuwa nakanda juu," alisema, "na kumbe chini inaoza." Hakulia. Alimchukua mtoto kutoka kwa kiongozi, akakaa naye kwenye sakafu ya korido, na mtu hakumsikia tena mpaka jioni. Na sauti yake, nimeshasema, haikuwa na chini.

Walimrudisha saa mbili za usiku. Alikuwa hai. Kizazi walikiacha, lakini daktari alisema bado hatujavuka, figo hazijaamka na presha inashikiliwa na dawa, na kama kesho mfuko ukiwa mtupu atakuja kuzungumza nasi tena. Hakusema atazungumza nini. Nesi wa zamu alinionyesha mistari iliyochorwa kwenye mfuko wa mkojo, akaniambia nikae nao, nimwambie ukipanda. Kwa hiyo nilikaa sakafuni, kichwa karibu na mfuko. Nimeshawahi kuomba Mungu vitu vingi. Sijawahi kuomba mkojo.

Alhamisi asubuhi, dirisha lilipoanza kuwa la kijivu, niliwasha tochi ya simu. Chini ya mfuko kulikuwa na vidole viwili vya maji ya rangi ya kahawia. Nilifikiri ni kivuli. Nikaugusa kwa kidole, ulikuwa na joto.

Nilisimama, na wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa, ndugu zao, mtu anafagia. Nesi alikuwa upande wa pili kabisa.

"Musawo," niliita, hivyo ndivyo watu wa hapa wanavyowaita. "Mama yangu amekojoa. Umefika mstari wa pili."

Mwanamke wa kitanda cha jirani alipiga makofi, mara tatu, kwa uzito, kama anavyopigiwa mtu aliyefaulu. Nesi akaja, akainama, akaandika. Alisema ni kidogo, bado ni kidogo sana, lakini ni mkojo.

Tulipogeuka Mama alikuwa amefungua macho. Hakuwa anatazama kuku wa mlimani. Alinitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na nilisogeza sikio karibu na ile barakoa ya oksijeni.

"Siku ile ya kliniki," alisema. Alipumzika. "Aliuliza nini?"

Ningeweza kusema lala, Mama. Mtu yeyote angenielewa.

"Aliuliza kama damu inanuka. Mimi nikasema hapana."

Alifumba macho kwa muda mrefu, nikaogopa. Halafu akasema, "Nilijua. Mtu anayeulizia uji haangalii tumbo vile." Akapumua, akapumua tena. "Na mie nilishukuru. Wale wanaume walikuwa pale."

Alilala, usingizi wa kweli safari hii, na nesi akasema nimwache.

Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa plastiki umefungwa fundo. Ndani yake walikuwa wameweka nguo alizokuja nazo na vile vitambaa. Mama mkubwa alikuwa anaunyoshea mkono, kwa sababu ni kazi yake, si yangu, lakini mtoto alikuwa amelala kifuani kwake na akishtuka angelia.

"Acha," nilimwambia.

Niliuchukua mfuko na kipande cha sabuni, nikashuka ngazi mpaka kwenye bomba la uani ambako wanawake wengine walikuwa wamejipanga na mabeseni yao. Zamu yangu ilipofika nilifungua fundo. Harufu ilitoka, na wale wa karibu wakageuka. Niliweka vitambaa kwenye beseni la kuazima, juu kabisa, mahali pa kuonekana, nikafungua maji.